KIYOYOZI NA FUKUTO LA RAMADHAN: STIMA INAENDA WAPI?

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wanafunzi Waislamu, Kabianga, kabla ya kuingia mwezi mtukufu)



Ndugu zangu na dada zangu, najua wengi mliisoma mada hii kwenye ubao wa matangazo mkacheka. Kuna aliyenisimamisha njiani akaniambia, "Wewe, sisi huku tunalala na blanketi mbili na soksi, unatuletea habari za AC?" Swali lake ni la haki. Hapa Kabianga tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa digrii sita hivi. Ndiyo maana chai imepapenda. Kiyoyozi hapa hakina kazi kabisa, labda kwenye chumba cha kompyuta.

Lakini hebu tazamaneni mliokaa humu. Kuna mtu wa Kisauni, kuna wa Ukunda, kuna wa Malindi, kuna wa Lamu. Wengi wetu kumi la mwisho litatukuta nyumbani, Insha'Allah, na huko hatulali na blanketi. Tena kuna jambo la kalenda ambalo pengine hujalitia maanani. Ramadhan hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa kizungu. Mwaka 2014 na 2015 tulifunga Juni na Julai, kusi linavuma, pwani kumepoa, na mtu hakuona tabu. Mwaka 2024 mwezi ulianza katikati ya Machi, 2025 mwanzoni mwa Machi, 2026 ukaingia Februari. Unaelekea Januari, na mwaka 2030 utaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Disemba. Maana yake, miaka yote hii tunafunga ndani ya kaskazi, wakati Mombasa mchana inapiga digrii 32 na 33 na usiku haishuki chini ya 24, tena hewa imeshiba maji.

Sasa mwezi huohuo ndio wenye matumizi makubwa jikoni, ndio watu wanakesha, ndio wageni wanakuja kufuturu, na ndio AC inawashwa kuliko miezi mingine yote. Tokeni zinaisha saa tisa za usiku, kabla ya daku, na nyumba nzima inaamka kutafuta simu ya kununulia nyingine. Nazijua nyumba ambazo rimoti imekuwa kesi: baba ameificha, watoto wanaitafuta, mama yuko katikati. Na naijua nyumba moja ambayo bili ilipopanda, chumba cha kwanza kuzimiwa kilikuwa cha nyanya, kwa kuwa yeye halalamiki. Baada ya siku chache akawa anachanganya majina ya wajukuu zake kwa sababu ya joto. Kwa hiyo, jamani, hili si jambo la anasa. Ni jambo la afya na la pesa za nyumba.

FUKUTO NI MAJI

Tuanze na swali hili: kwa nini digrii 32 za Mombasa zinaumiza kuliko digrii 32 za Lodwar? Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho halipozi kwa kutoka tu, linapoza kwa kukauka. Likikauka linaondoka na joto la ngozi. Hewa ikiwa kavu, jasho linakauka upesi. Hewa ikiwa imeshajaa mvuke, jasho halina pa kwenda, linabaki linakutiririka mgongoni, umelowa na bado una joto. Hilo ndilo fukuto. Na aliyefunga hana nafasi ya kurudisha maji yale mpaka magharibi, kwa hiyo kila jasho linalotoka bila kufanya kazi ni hasara tupu.

Tena hewa ya moto ina uwezo wa kubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye digrii 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke. Ile ya digrii 20 inabeba 17 tu. Ya digrii 10 haifiki hata 10. Ukiichukua hewa ya moto yenye maji mengi ukaipoza ghafla, lazima iyamwage.

Nyinyi mnaliona hili kila asubuhi. Mtu wa hapa akikuamkia "chamgei" saa kumi na mbili alfajiri, moshi unamtoka mdomoni. Ule si moshi. Ni pumzi yake yenye joto na unyevu imekutana na hewa ya Kabianga, imeshindwa kubeba maji yake, na maji yamegeuka matone madogo. Ndani ya kiyoyozi kuna mabomba ya baridi yanayofanya kazi hiyohiyo. Hewa ya chumba inavutwa, inapita kwenye mabomba, inamwaga maji yake, kisha inarudishwa chumbani ikiwa imepoa na imekauka. Yale maji yanayodondoka nje ukutani ndiyo hayo.

Wengi hawajui kwamba mashine hii haikubuniwa kwa ajili ya baridi ya watu. Mwaka 1902, Brooklyn huko Marekani, kijana wa miaka 25 aitwaye Willis Carrier alipewa shida ya kiwanda cha uchapishaji. Karatasi zilikuwa zinavimba na kusinyaa kwa unyevu wa hewa, na rangi hazikai mahali pake. Alichotafuta ni kuitoa hewa maji. Ubaridi ulikuja pamoja nayo. Basi ukiwa pwani, ukikaa ukijua kuwa kazi kubwa ya AC yako ni kuchota maji, mengi utayaelewa mwenyewe.

GHARAMA YA KUCHOTA MAJI HEWANI

Hapa naomba mnivumilie kidogo, mimi ni mtu wa fizikia.

Jikoni unajua kwamba sufuria ya maji ukiiacha jikoni mpaka yakauke yote, unakula gesi nyingi kuliko kuyachemsha tu. Joto lile lote linaondoka na mvuke. Sasa mvuke ukigeuka maji tena, unalirudisha joto lile, halipotei. Kila lita moja ya maji inayodondoka kwenye bomba la AC imeiachia mashine joto ambalo lingetosha kuchemsha karibu lita saba za maji ya bombani. Mashine lazima ilibebe joto lile na kulitupa nje, na kulibeba kunataka stima.

Chukua chumba cha kawaida, mita nne kwa tatu, na urefu wa mita tatu. Ni mita 36 za ujazo. Hewa ya Mombasa usiku wa kaskazi ina karibu gramu 23 za maji kwa kila mita, na ili ujisikie vizuri unataka zibaki 12 hivi. Toa, zidisha: unapata kama lita 0.4. Hiyo ni kidogo, mashine inaimaliza mara moja. Lakini kama dirisha ni la luva zisizoziba na chini ya mlango panapita hata paka, hewa yote ya chumba inabadilika pengine mara tatu kwa saa. Basi kila saa ni lita moja na ushei, usiku kucha. Nimepiga hesabu ya pande zote mbili, ile ya kuipoza hewa inayoingia na ile ya kuikausha. Kuikausha kunazidi mara nne na zaidi. Yaani wewe unadhani unalipia baridi, kumbe unalipia maji ya bahari yanayopenya chini ya mlango.

Wanaofanya kazi ya chai wanalijua hili kwa njia ya kinyume. Majani yakitoka shambani yana maji asilimia 75 hadi 80. Kabla ya kusagwa hulazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, feni kubwa zinapuliza hewa kwa chini saa nyingi, usiku kucha wakati mwingine, ili yanyauke. Siku ya mvua, hewa ikiwa imeshiba, feni peke yake haifai kitu, na kiwanda hulazimika kuipasha hewa moto kwanza. Baadaye kwenye kikaushio maji hushushwa mpaka asilimia 3 hivi. Ile milundo ya kuni za mikaratusi mnayoiona nje ya viwanda vyetu, kazi yake kubwa ni kuyafukuza maji. Kiwanda kinalipa kwa kuni. Mama yako Mombasa analipa kwa tokeni.

KABLA YA KUSHIKA RIMOTI

Basi tuanze na yasiyogharimu kitu. Angalia maji yanaingia chumbani kwa njia gani.

La kwanza ni jikoni. Kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni mbaazi zinachemka, sambusa zinakaangwa, uji unatokota, na mlango wa jikoni uko wazi kuelekea sebuleni. Mvuke wote ule unaingia kwenye mapazia, kwenye makochi, kwenye magodoro. Ukifunga milango saa tatu usiku ukawasha AC, saa nzima ya mwanzo mashine inakausha uji wa pilipili manga uliokwisha kunywewa. Fungeni mlango wa jikoni wakati wa kupika, na dirisha la jikoni liwe wazi, sufuria zifunikwe. Kama kuna pesa ya kitu kimoja tu, feni ndogo ya kutolea moshi jikoni inafaa kuliko AC ya pili.

La pili, nguo. Usianike nguo mbichi kwenye chumba chenye AC. Taulo na kanzu zilizolowa zina maji lita nzima na zaidi, na umeshaiona hesabu ya lita. Hali kadhalika kupiga deki kwa maji mengi kisha ukafunga na kuwasha.

Luva ni mtihani. Zilibuniwa zipitishe upepo, na kwa upepo ni nzuri. Kwa AC ni kama kuchota maji kwa pakacha. Chumba kimoja unachotaka kukipoza, zibeni luva kwa karatasi ya plastiki nene kwa ndani, au kioo kizima, na chini ya mlango wekeni kitambaa kilichoshonwa kikajazwa mchanga au matambara. Fundi cherehani wa mtaani anakushonea kwa bei ndogo. Chumba kimoja, nasema. Nyumba nzima hamtaiweza.

Kisha jua. Dirisha linalotazama magharibi likingwe kwa nje, kwa chandarua cha makuti, mkeka au turubai, kwa sababu jua likishapita kwenye kioo, pazia la ndani linalipokea tu, joto limeshaingia. Bati lisilo na silingi ni tanuri, na rangi nyeupe juu yake inasaidia kwelikweli. Mliobahatika kuhiji au kufanya umra mmekanyaga ile marumaru nyeupe ya mataf. Inatoka kisiwa cha Thassos, Ugiriki, na haiunguzi miguu hata adhuhuri, maana inalirudisha jua badala ya kulila. Kanuni ni hiyo. (Ndani ya Haram penyewe wanatumia maji ya baridi kutoka mitambo mikubwa ya Ajyad na Shamiya, lakini hilo tuwaachie wenyewe.)

Nyumba za zamani za Lamu na Mji wa Kale zilijua mambo haya: kuta nene za mawe ya matumbawe, dari refu, ua wa ndani, vichochoro vyembamba visivyopata jua. Fleti zetu mpya zina dirisha upande mmoja tu, la alumini, linalotazama ukuta wa jirani. Kisha tunashangaa.

RIMOTI SASA

Watu wengi wakiingia na joto wanateremsha mpaka 16, wakidhani chumba kitapoa upesi. Hakipoi upesi. Mashine ya kawaida ina kasi moja. Namba ile inaiambia ISISIMAME mpaka ifike hapo, na kwenye fukuto la Mombasa 16 pengine haitafika mpaka alfajiri. Weka 25 au 26, na juu yake washa panka taratibu. Panka haipozi chumba, inapoza ngozi, kwa hiyo mkitoka izimeni. India waliliona jambo hili wakaamuru kuanzia Januari 2020 kwamba kila AC mpya ya nyumbani ikiwashwa ianzie 24, na wataalamu wao wa nishati wanakadiria kila digrii unayopandisha inaokoa takriban asilimia 6.

Tufanye mfano. AC ya BTU 12,000, ambayo mafundi wetu huiita hospawa moja na nusu, inavuta kama kilowati 1.1. Ikiwekwa 18 na isipumzike, saa nane ni uniti 8.8. Tuseme uniti moja ni shilingi 30 pamoja na kodi na tozo, inapanda na kushuka lakini haikai mbali na hapo. Ni shilingi 264 kwa usiku, karibu 7,900 kwa mwezi. Pandisha mpaka 26, kwa kadirio lile la asilimia 6, unabaki na kama 4,800. Shilingi elfu tatu na kitu zimerudi. Panka yenyewe, wati 60, usiku mzima inakula nusu uniti, shilingi 15.

Na kuna mtego mwingine. Tangu Aprili 2023 bei ya stima ya nyumbani iko katika ngazi tatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa 31 mpaka 100, na waliopita 100. Ngazi yako inatazamwa kwa wastani wa miezi mitatu. Nyumba iliyokuwa na uniti 70, AC ya Ramadhan inaivusha 100, na Shawwal yote bado wanalipa bei ya juu huku AC imezimwa. Wazee wengi wanadhani wameibiwa. Hawakuibiwa.

Tuendelee. Kwenye rimoti kuna alama ya tone la maji. Hiyo ni hali ya kukausha: feni inazunguka polepole, hewa inakaa zaidi kwenye mabomba ya baridi, inamwaga maji mengi. Usiku wenye unyevu lakini usio na joto kali, baada ya mvua kwa mfano, hali hii inatosha na inakula kidogo. Mchana wa jua kali haitoshi, rudi kwenye alama ya theluji. Na feni ya AC yenyewe iacheni ijiendeshe. Kuna zile ambazo ukiilazimisha iendelee kupuliza wakati kompresa imesimama, inayapuliza tena chumbani maji yaliyobaki kwenye mabomba. Umeyalipia kuyatoa, unayarudisha.

Tumieni saa ya kuzima. Mkilala saa tano baada ya tarawehe, iwekeni izime saa tisa. Chumba kilichozibwa vizuri hakitarudi kuwa moto kabla ya daku, na panka inamalizia.

KUNUNUA, NA MAMBO YA MAFUNDI

Mwenye kutaka kununua, asinunue kubwa kupita chumba chake. Hili linawashangaza watu. AC kubwa kwenye chumba kidogo inapoza haraka, inazima, inawaka, inazima. Haipati muda wa kuchota maji. Unakaa kwenye chumba cha baridi chenye maji, kama pango, na mashuka yananuka uvundo. Kwa chumba cha mita nne kwa tatu kilichozibwa, BTU 9,000 inatosha, labda 12,000 kama uko chini ya bati.

Zile za inveta zinabadilisha kasi: zikikaribia ulichotaka hazizimi, zinapunguza mwendo. Kwa anayeiwasha saa nyingi kila usiku zinarudisha pesa yake, na kwa unyevu ni bora. Kwa wa saa moja kwa wiki, asijisumbue. Angalia pia kibandiko cha nyota. Kenya ina kanuni za vibandiko hivi tangu 2016, chini ya mamlaka ambayo leo ni EPRA. Nyota nyingi, stima kidogo.

Halafu geuza mashine usome ubavuni imeandikwa gesi gani. Ikiwa R22, iache, hata ukipewa kwa bei ya tende. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Nchi kama zetu mwisho wake ni 2030. Mitumba mingi ya AC inayoletwa kutoka Ghuba ni ya R22 au R410A. R410A haiharibu ozoni, lakini kilo moja ikivuja inapasha dunia joto mara 2,088 kuliko kilo ya kaboni dioksaidi. R32 ni 675. Kuzipunguza gesi za aina hii ndiko kulikokubaliwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016. Tukumbuke pia kwamba mwaka 2018 shirika la kimataifa la nishati, IEA, lilikadiria viyoyozi na feni vinakula kama asilimia 10 ya umeme wote duniani. Tunajipoza ndani, tunaongeza moto nje.

Na gesi, enyi ndugu, HAILIWI. Si kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka kumi, kumi na tano, ileile. Akija fundi akakwambia, "Gesi imeisha, kila mwaka lazima tujaze," mwulize, "Imetokea wapi?" Kama imepungua, kuna tundu. Azibe tundu kwanza, ndipo ajaze. Mtaani kwetu kuna mzee aliyejaziwa gesi Ramadhan tatu mfululizo na fundi yuleyule, na mara zote tatu alilipa bei kamili. Mwaka wa nne akaja kijana mwingine, akapaka povu la sabuni kwenye viungio, tundu likaonekana likitoa mapovu. Dakika kumi.

Kazi isiyohitaji fundi ni chujio. Fungua kifuniko cha mbele, utalivuta litoke, lioshe kwa maji na sabuni, likauke kivulini, rudisha. Kila wiki mbili kwa mwezi wa Ramadhan. Likiziba, hewa haipiti, mabomba yanaganda barafu, na unalipa stima ya kutengeneza barafu ukutani. Na ile mashine ya nje isifungiwe kwenye kona au kurundikiwa vikorokoro, ipate kivuli na nafasi ya kupumua. Walio karibu na bahari waimwagie maji baridi ya bomba mara moja kwa mwezi, imezimwa, maana chumvi inakula mapezi yake ya alumini.

JAMBO LA HATARI

Hili nisilipite haraka. AC nyingi za ukutani hazileti hewa mpya kutoka nje. Zinazungusha hewa ileile ya chumbani. Sasa mtu ameziba luva, ameziba chini ya mlango, kama nilivyosema, kisha anafukiza chumba: chetezo, makaa mekundu, udi. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ile kaboni monoksaidi, na harufu nzuri ya udi haiizuii hata kidogo. Nyinyi wa huku mnasikia kila mwaka wa baridi, watu waliolala na jiko la makaa chumbani wasiamke. Chumba cha AC cha Mombasa kilichozibwa ni chumba hichohicho. Fukiza mapema, madirisha wazi, chetezo litoke nje kabisa, ndipo ufunge uwashe. Na kila baada ya saa chache fungueni mlango dakika tano, hasa mkilala wengi. Maji kidogo yataingia, yaingie.

Na juu ya nani alale kwenye chumba hicho, mimi naona hivi: wazee, mama anayenyonyesha, mtoto mchanga, mgonjwa wa moyo au wa presha. Sisi vijana tulale chini ya panka, hatufi. Mzee akianza kuchanganyikiwa kwa maneno, ngozi imekuwa moto, au amelegea ghafla, hiyo si swaumu tena. Mpeleke palipopoa, mlowesheni kwa maji, mpepeeni, na aende hospitali. Ruhusa ya kufungua kwa mgonjwa mnaijua, na kama yeye anaona haya kufungua, wanawe wamwambie.

MSIKITINI

Nimeulizwa na kaka mmoja kutoka Likoni kuhusu msikiti wao mdogo, wamechangisha na kamati inataka AC kabla ya kumi la mwisho. Tuhesabu. Mtu mmoja aliyetulia anatoa joto la wati 100 hivi, na maji gramu 50 na zaidi kwa saa, kwa pumzi na jasho. Watu 200 kwenye tarawehe ni kilowati 20 na lita kumi za maji kila saa, kabla ya bati, kabla ya taa. AC ya BTU 12,000 inabeba kilowati 3.5. Zinatakiwa sita kwa ajili ya miili peke yake, na milango ya msikiti haifungwi, watu wanaingia na kutoka kila baada ya rakaa nne. Sita kwa saa mbili kila usiku ni karibu uniti 400 kwa mwezi, shilingi 12,000 kwa bei ile tuliyoitumia. Panka 12 kwa muda huohuo, madirisha yote wazi, ni karibu uniti 43, shilingi 1,300 hivi.

Ningekuwa kwenye kamati, na mimi siko, ningesema AC isubiri. Pesa iende kwenye silingi chini ya bati, rangi nyeupe juu, na madirisha ya juu ya kutolea hewa ya moto. Na nikafanye ziara upande wa akina mama. Mara nyingi wamewekwa ghorofani chini ya bati lenyewe, au nyuma ya pazia zito, pamoja na watoto, na panka ni moja. Mahesabu ya wati 100 na wao yanawahusu. Panka tatu kule na feni moja ya kutoa hewa ukutani, juu, upande usiopata upepo, zifungwe kabla hata ya kuzungumzia kitu kingine upande wa wanaume.

Mwenye swali la ukubwa wa chumba aje na vipimo vya urefu na upana na aina ya paa, tupige hesabu pamoja baada ya isha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.